Jaribu Uamuzi kwenye Modeli Kabla ya Kuwatwisha Watu

Mradi wa programu ukichelewa, viongozi wengi hukimbilia kuongeza watu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 wa IBM, alionya mwaka 1975 kwamba kufanya hivyo huuchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wanaowafundisha ni walewale waliokwisha kuelemewa. Mawasiliano nayo huongezeka: watu 5 wanaunda jozi 10 za kuelewana, watu 10 wanaunda 45.

Mwaka 1991, Tarek Abdel-Hamid na Stuart Madnick walichapisha modeli ya kompyuta iliyounganisha ajira, mafunzo, makosa na shinikizo la muda. Ilionyesha kuwa kuongeza watu hupandisha gharama, lakini si lazima kucheleweshe kazi; inategemea wameongezwa lini. Huo ndio msaada wa uigaji, yaani kujaribu uamuzi kwenye modeli: hupima kanuni kama hiyo ya Brooks kwa hali halisi ya mradi.

Timu ndogo inaweza kuanza na lahajedwali tu:

1. Chagua swali moja. Mfano: kazi 40 zilizobaki zitakwisha lini?

2. Orodhesha kazi zilizokamilika kila wiki kwa wiki 10 au zaidi zilizopita. Usiache wiki mbaya, kwa kuwa zitatokea tena.

3. Iagize kompyuta ichague wiki moja kwa nasibu, itoe idadi ya kazi za wiki hiyo kwenye 40, kisha iendelee hivyo mpaka kazi ziishe. Zoezi zima lirudiwe mara 1,000.

4. Soma uwezekano. Kama mara 850 kazi ziliisha ndani ya wiki 9, mwambie mteja kuwa uwezekano wa kumaliza katika muda huo ni asilimia 85.

5. Hakiki modeli kwa kutabiri kipindi kilichokwishapita. Ikikosea sana, irekebishe kwanza.

6. Badilisha jambo moja kwa wakati: ongeza mjaribu programu, au ingiza maombi mapya ya mteja, kisha linganisha.

Takwimu hizi zisitumike kamwe kumpima au kumwadhibu mfanyakazi mmojammoja. Watu wakiziogopa watazipamba, na modeli itatoa majibu ya uongo. Waonyeshe matokeo wote wanaofanya kazi, wayahoji, ndipo mkubaliane tarehe ambayo timu inaweza kuitetea mbele ya mteja.