Ufahamu na Ufupisho: Paa Baada ya Kipupwe

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Katika milima ya Usambara, upepo wa kusi huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, wakazi wa Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hupata baridi, ukungu na manyunyu. Unyevu hukaa juu ya mabati, na kutu hula kingo na matundu ya misumari. Upepo wa kasi nao hulivuta paa kwenda juu. Bati moja likifunuka, upepo huingia chini yake na kuyasukuma mengine.

Fundi mzuri haanzi na nyundo. Huingia ndani mchana, hufunga madirisha na kutafuta mwanga unaopenya juu, kwa kuwa maji hutambaa kwenye papi kabla ya kudondoka. Kisha hukagua mbao, maana msumari mpya kwenye mbao iliyooza ni kazi bure. Bati lililotoboka hubadilishwa. Misumari hupigiliwa kwenye mgongo wa bati, kwani maji hupita bondeni. Kuziba tundu kwa saruji huonekana nafuu, lakini bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, hivyo saruji hupasuka. Kazi yote husubiri paa likauke: bati lenye maji huteleza, na mtu akianguka habadilishwi kama bati.

Maswali

1. Kwa nini fundi hategemei mahali tone linapoangukia?
2. Eleza maana ya: (a) kipupwe (b) papi.
3. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 25.

Majibu

1. Maji hutambaa kwenye papi, hivyo tone huweza kuanguka mbali na tundu.
2. (a) Majira ya baridi, Juni hadi Agosti. (b) Mbao zinazolazwa juu ya kenchi ili kupigiliwa mabati.
3. Fundi hutafuta tundu kutoka ndani, hukagua mbao, hubadilisha bati bovu, hupigilia misumari mgongoni na huepuka saruji. Kazi hufanyika paa likiwa kavu. (Maneno 21)

Zingatia: Jibu la 3 limebakiza hatua na kuacha sababu zake. Mtahiniwa anayenakili sentensi nzima za kifungu huzidisha maneno na kupoteza alama.