Kutembea vilima vya Kondoa

Swali: Nataka kuwapeleka wanafunzi wangu wa Dodoma mjini kutembea kwenye vilima vya Kondoa. Twende lini, tuanzie wapi?

Jibu: Mwalimu, nendeni Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Anzieni Kolo, kando ya barabara ya Babati; ofisi ya Mambo ya Kale ipo hapo, mtalipa kiingilio na kupewa mwongozaji wa kwenye michoro ya miambani, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tafadhali wasiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae, inaharibika. Mkilazimika kwenda Desemba, msipumzike ndani ya korongo la mchanga. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka ghafla hata kama mlipo ni jua kali. Kila mtoto abebe lita mbili za maji.