SOMO: MASHINE ZA CHUMBA CHA UPASUAJI NI LAZIMA ZISIKILIZANE

Mwezi Juni 2025 mgonjwa wa saratani ya tezi dume alipasuliwa nchini Angola. Daktari wake, Vipul Patel, alikuwa Orlando, Marekani, ng'ambo ya bahari, akiiongoza roboti kwa njia ya waya wa mawasiliano. Sisi wa Palma na Mocímboa da Praia tunauliza: jambo hili litamfaa nini mama mjamzito wa kwetu?

1. Kazi inavyokwenda
Roboti hii haijiamulii. Daktari hushika vishikio huku akitazama kioo, nayo huufuata mwendo wa mikono yake. Lakini haiko peke yake chumbani. Ipo meza ya mgonjwa, mashine ya kumpumulisha, na kipimo cha oksijeni katika damu.

2. Hatari iko wapi
Vyuma vya roboti vikiwa tumboni, meza ikainamishwa, nyama za ndani huweza kuchanika. Kwa hiyo ziko meza zilizounganishwa na roboti, vikasogea pamoja. Vilevile mashine ya kupumulisha husimamishwa kidogo ili picha ya eksirei itoke safi. Mtu akisahau kuiwasha tena, mgonjwa hufa. Zikiunganishwa, mashine ya picha inaweza kuiamuru ile nyingine iendelee.

Sisi wa viwandani tunalifahamu jambo hili. Mmoja amesimamisha mkanda atoe kilichokwama; mwenzake hakumwona, akauwasha. Mkono umekwenda.

3. Kikwazo
Kila kampuni hutengeneza mashine zenye lugha yake. Anayenunua kwa kampuni moja hulazimika kurudi kwa hiyo hiyo. Zipo kanuni za kimataifa za mazungumzo ya vifaa vya hospitali, ziitwazo ISO/IEEE 11073, lakini si kila mashine inazifuata.

4. Hali yetu
Tangu 1984 Msumbiji imewafundisha mafundi wa upasuaji wasio madaktari. Hao ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa akina mama katika hospitali za wilaya. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimewafukuza watumishi wa afya na kuharibu majengo yao.

Basi tusidanganyike kwamba waya utachukua nafasi ya mtu. Hata Angola, madaktari walikuwa kando ya mgonjwa, tayari kushika kazi kama mawasiliano yangekatika. Umeme ukizimika hapa kwetu, nani atashika kisu?

Msimamo wetu ni huu: kwanza mtu aliyefundishwa, umeme na oksijeni. Mashine zikija, ziwe zinazosikilizana, na fundi wa kuzitengeneza awe wa hapa hapa.

Maswali ya kujadili tawini
(a) Kazini kwetu, ni mashine zipi zisizopeana habari? Nani ameumia kwa sababu hiyo?
(b) Hospitali ikiletewa mashine mpya, tuulize mambo gani matatu kabla ya kushangilia?