Hesabu Maji Kwanza, Kisha Miti

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, watu wengi wa Wote na vijiji vya jirani katika Kaunti ya Makueni hununua miche ya matunda. Wengi hupanda miche mingi mno, na ifikapo Septemba iliyo hai huwa michache. Fedha imepotea, na mama wa nyumba amechota maji bure. Kosa hasa si udongo wala miche. Ni kupanda bila kupima maji.

Hesabu yake si ngumu. Mche mchanga wa mwembe yafaa upewe yapata mtungi mmoja wa lita 20 kila juma wakati wa kiangazi. Tangu Juni hadi mvua zirudi mwishoni mwa Oktoba ni yapata majuma 20. Basi mche mmoja utahitaji lita 400. Mwenye tangi la lita 2,000 aweza kutunza miche 5 tu, na hapo hajabakiza tone la kupikia. Heri miche 3 itakayozaa kuliko 20 itakayokauka.

Maji hayo yapatikane wapi? Tazama paa lako. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20 hutoa lita 960. Hata tukiondoa yanayomwagika, lita 750 zaweza kuingia tangini, na mvua 3 za namna hiyo hulijaza tangi la lita 2,000. Mvua za kwanza yaache maji yapite yasafishe paa, na tangi lifunikwe vema ili mbu wasizalie humo. Maji ya kuoshea mboga na mikono nayo yasitupwe. Yapelekwe kwenye migomba au mipapai.

Sasa tuchague miti. Wa kwanza ni mwembe uliounganishwa, yaani mche wenye nguvu uliotiwa kijiti cha mwembe bora, kama vile Ngowe au Apple. Huu huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, nao huvumilia ukame ukiisha kushika mizizi. Mpapai huzaa upesi zaidi, lakini hutaka maji ya kudumu. Mchungwa hutaka maji kuliko mwembe. Mparachichi hustawi zaidi katika ubaridi wa milima ya Mbooni na Kilungu. Huku chini usiupande ila una maji ya kutosha. Mpakani panda mukau, mti wa asili ya nchi kavu: mbao zake ni imara, hazishambuliwi upesi na mchwa, na majani yake ni chakula cha mbuzi. Mbegu za mukau ni ngumu kuota. Afadhali kununua miche. Mkaratusi usiupande karibu na kisima wala bustani, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Shimo la mwembe lichimbwe kabla ya mvua, futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Weka kando udongo wa juu, uuchanganye na samadi iliyooza, kisha uurudishe. Panda mvua zikiisha kulowesha ardhi, ukiondoa mfuko wa plastiki bila kuvunja mizizi, na kiungo cha mche kikae juu ya udongo. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, lakini zisiguse shina. Acha mita 8 hadi 10 kati ya mwembe na mwembe. Palipo na mteremko, chimba matuta ya fanya juu ili maji ya mvua yasikimbie na udongo wako kuelekea mtoni.

Mboga nazo zipandwe katika kitalu kilichoshuka chini kidogo, kisicho kikubwa, karibu na jikoni. Sukuma wiki ziwe chache. Kunde na mbaazi ziwe nyingi, maana hizo huridhika na mvua ndogo.

Basi jioni hii, kabla ya kwenda kununua mche hata mmoja, mwenye nyumba na mkewe wakae pamoja wapime paa na tangi lao. Haba na haba hujaza kibaba.