Daftari la Jioni na Utulivu wa Nafsi

Marcus Aurelius alitawala Dola ya Kirumi kuanzia mwaka 161 hadi 180. Katika utawala wake askari walirudi kutoka mashariki na maradhi ya mlipuko, yanayodhaniwa kuwa ndui, naye mwenyewe akakaa miaka mingi vitani kando ya mto Danube. Huko kambini aliandika daftari kwa Kigiriki, akijisemesha na kujionya.

Alifuata mafunzo ya Wastoiko, ambao wasomaji wa Biblia wamekutana nao katika Matendo ya Mitume, wakibishana na Paulo huko Athene. Jina lao latokana na ukumbi wa mji huo, ambao sisi tungeuita baraza, ambamo Zeno alianza kufundisha yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, alitanguliza fundisho moja mbele ya mengine: hukumu zetu na nia zetu zimo katika uwezo wetu; mali, cheo na maneno ya watu hayamo. Tena kinachotusumbua si tukio, bali tunavyolihukumu. Katika karne ya 20, Albert Ellis na Aaron Beck wa Marekani, walipojenga tiba ya kurekebisha fikra, walikiri kwamba mizizi yake imo humo.

Si kila uandishi unaotuliza. Mtu anayejaza kurasa tano kila usiku akisimulia alivyodhulumiwa huurudia uchungu uleule, ila sasa kwa mwandiko mzuri. Seneca alikuwa na desturi nyingine: taa ilipoondolewa chumbani, aliipitia siku yake nzima kama hakimu, asijifiche neno, kisha akajisamehe. Huko kujisamehe ndiko wagonjwa wangu wengi hukusahau.

Basi ligawe karatasi mara mbili. Upande mmoja andika kilichotokea, kama ambavyo shahidi asiyekujua angekieleza: “Mkuu wa kazi alipita bila kunisalimu.” Upande wa pili andika hukumu yako: “Ananidharau.” Zitazame sentensi hizo mbili. Ya kwanza ina ushahidi. Ya pili umeiongeza wewe, na huenda ndiyo iliyokunyima usingizi. Chini yake andika jambo moja lililo katika uwezo wako: “Kesho nitamwamkia mimi kwanza.” Funga daftari. Dakika kumi zatosha.

Haimaanishi kuzika hisia. Aliyefiwa na alie. Wastoiko wenyewe hawakukana kwamba machozi ya kwanza humjia hata mwenye hekima.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, James Pennebaker na mwenzake waliwaomba wanafunzi waandike kuhusu machungu yao dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa faida ipo, ingawa ni ndogo. Kwa hiyo aliyepatwa na jambo zito hivi karibuni asilifukue peke yake usiku.

Huzuni au kukosa hamu ya maisha kwa wiki mbili au zaidi ni jambo la kumwona daktari, na wazo la kujiua halingoji hata kesho. Mwenye daftari aje nalo kliniki: tarehe za usiku aliokesha humsaidia daktari kuliko kumbukumbu.