Hodhi Lililovuja

Sisi watu wa Rumonge twajua raha ya maji ya moto, maana chemchemi za Mugara zi karibu. Basi nyumba ya wageni nilimofanya kazi ilikuwa na hodhi la saruji la maji ya moto, lililoungana na birika la kuogelea. Likavuja. Kwa haraka yangu nikalipiga lipu lote, mifuko 2 ya saruji, lakini halikukoma. Fundi mmoja mzee akanifunza: ziba njia ya maji baina ya hodhi na birika, tia alama, kisha ngoja. Maji ya hodhi yakashuka mpaka kwenye bomba, yakasimama. Kumbe ufa ulikuwa pale! Tukayatoa maji, tukauchimba ufa kwa tindo, tukauosha, tukaujaza saruji na mchanga safi, tukaulowesha siku 7. Ndugu wanafunzi, pimeni kwanza, ndipo mzibe.