BIASHARA IKIYUMBA, UBAKI NA BIDHAA IPI? Somo kutoka kampuni ya magari ya Ford



Swali linalokuja sana inbox ni hili: "Nina kurasa tatu, moja ya mikoba, moja ya vyombo, moja ya nguo za watoto. Hela imekata, mzigo umekaa. Nifunge ipi, nibaki na ipi?"

Mimi sijasomea biashara chuoni, nimeishia kidato cha nne. Ila napenda sana kufuatilia kampuni kubwa zilivyoanguka na zilivyoinuka, maana wao wakiteleza wanateleza kwa mabilioni, sisi tunajifunza bure. Leo tuwaangalie watengeneza magari wa Marekani.

FORD ILIKUWA NA NINI?

Mwaka 2006 Ford haikuwa Ford peke yake. Ilikuwa inamiliki Jaguar, Land Rover, Aston Martin na Volvo, pamoja na Lincoln na Mercury. Ukiangalia kwa nje unasema hawa ni matajiri. Lakini mwaka huohuo ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12.

Wakamleta bosi mpya, Alan Mulally, kutoka kampuni ya ndege ya Boeing. Wakakopa zaidi ya dola bilioni 23 na kuweka rehani mali za kampuni, mpaka ile nembo ya duara la bluu. Yaani jina lenyewe liliwekwa bondi!

Halafu wakaanza kupunguza mzigo:
- Aston Martin iliuzwa 2007.
- Jaguar na Land Rover ziliuzwa kwa Tata ya India 2008, kwa dola bilioni 2.3. Ndiyo, Tata hii hii ya malori tunayoyaona barabarani.
- Volvo iliuzwa kwa Geely ya China 2010.
- Mercury haikuuzwa, ilifungwa kabisa. Ilitangazwa 2010.

Hela na akili zote zikarudi kwenye jina moja, Ford. Lincoln wakabaki nayo kwa ajili ya wateja wa magari ya kifahari.

Matokeo? 2008 bado hasara ilikuwa kubwa, zaidi ya dola bilioni 14. Msipite hapo haraka. Kupunguza hakuleti faida kesho yake asubuhi. Lakini 2009, GM na Chrysler walipofilisika na kukimbilia mahakamani, Ford haikufika huko. Mwaka 2010 ilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 6, na 2012 nembo yao ikatoka rehani.

SOMO LA 1: BIDHAA ZAKO ZISIGOMBANIE MTEJA MMOJA

Kwa nini Mercury ilikufa? Kwa sababu Mercury Milan na Ford Fusion zilikuwa karibu gari lile lile, zimebadilishwa sura na jina. Aliyenunua Milan angeweza kununua Fusion. Kampuni inalipia matangazo mara mbili kumpata mtu yule yule.

Na sisi tunafanya hivyo. Una ukurasa wa "viatu vya ofisini" na mwingine wa "viatu vya kike", picha zile zile, wateja wale wale, bando mara mbili. Hapo unganisha tu, usiumize kichwa.

SOMO LA 2: CHENYE NGUVU SI CHENYE KELELE

GM walikuwa na Hummer. Gari lile lilivuma sana miaka ya 2000 mwanzoni, mastaa wote walilitaka. Mafuta yalipopanda bei 2008, likageuka mzigo. GM wakajaribu kuliuza kwa kampuni ya China, dili likafa, 2010 wakalifunga.

Upande wa pili kuna Buick. Kule Marekani wengi waliiona gari ya wazee. Lakini Wachina walikuwa wananunua Buick nyingi kuliko Wamarekani wenyewe. GM ilipofilisika 2009 ikaitupa Pontiac yenye jina la ujana, ikabaki na Buick, pamoja na Chevrolet, Cadillac na GMC.

Kwa hiyo usihesabu like. Hesabu hela. Hesabu yangu ni hii, nawapa kwa mfano:

Mikoba: umeuza 400,000. Ulinunua 240,000. Boda, mifuko na matangazo 40,000. Imebaki 120,000, na mzigo uliisha ndani ya wiki 2.

Vyombo: umeuza 700,000. Ulinunua 560,000. Boda, matangazo na vilivyovunjika 80,000. Imebaki 60,000, na mzigo ulikaa wiki 8.

Kwa macho, vyombo vinaongoza mauzo. Lakini ndani ya wiki 8 mikoba, ikiendelea na mwendo huohuo, inazunguka mara 4 na kukuachia 480,000 kwa mtaji wa 240,000. Vyombo vinakuachia 60,000 kwa mtaji wa 560,000. Sasa niambie, chenye nguvu ni kipi?

SOMO LA 3: KUACHA KITU SI KUSEMA NI KIBAYA

Hapa ndipo watu wengi wanakwama. Baada ya muda, Jaguar na Land Rover zikawa zinamwingizia Tata faida nzuri sana. Volvo nayo ikastawi kwa Geely. Je, Ford walikosea? Mimi nasema hapana. Magari yale yalihitaji hela nyingi ya kuyakuza, na Ford hawakuwa nayo. Ukiwa na sahani moja ya wali na watoto watano, wote watalala njaa.

Kwa hiyo usione aibu kumuuzia mwenzako mzigo wa vyombo, hata kama baadaye utamkuta kafanikiwa nao. Yeye ana mtaji wa kuusubiri, wewe huna.

SOMO LA 4: UZA MAPEMA, USINGOJE KUKABWA

Ford waliuza wakati wanunuzi bado wapo. GM walingoja mpaka maji ya shingo. Saturn ilikosa mnunuzi, ikafungwa. Saab ilipata mnunuzi 2010, mwisho wa 2011 ikafilisika. Mzigo unaouzwa siku ya kodi huwa unapewa bei na mnunuzi, si na wewe.

TAHADHARI

Kubaki na kimoja tu kuna hatari yake. Kama nguvu yako ni bidhaa ya msimu, kama sare za shule, ukifunga vingine vyote utalala miezi kadhaa. Ndiyo maana hata GM walibaki na majina manne. Baki na kinachokulisha, na kimoja kinachohudumia mteja tofauti kabisa. Basi.

KAZI YA LEO

Chukua daftari. Kila bidhaa iandikie vitu vitatu: imebakisha shilingi ngapi baada ya gharama zote, imekaa siku ngapi, na mteja wake ni nani. Ambayo inabakisha kidogo, inakaa sana, na mteja wake ni yule yule wa bidhaa nyingine, ndiyo ya kuanza nayo kuiondoa. Iondoe mwezi huu, kabla haijala mtaji wa ile inayokulisha.

Kazi njema wapambanaji.